Mama Mkwe Atakula Upande Gani?

Benchi ya Consolée iko pembeni mwa barabara pale Kasenga, kati ya mashine yangu ya kushona na karakana ya Rénovat seremala. Consolée huleta termosi mbili za kahawa kila asubuhi, moja yenye sukari na nyingine ya wale waliokatazwa sukari na daktari, na sisi wenye benchi hatuondoki mpaka zote mbili zitoe hewa tupu. Mimi naitwa Léopold, lakini hapo jina hilo halijulikani. Mimi ni Sindano. Rénovat tunamwita Santimetre, kwa sababu tangu aanze kazi hajawahi kushika kipimo: anafumba jicho moja, ananyoosha mkono, kisha anakata mbao. Wa tatu wetu ni mzee Havyarimana. Ujana wake wote aliumaliza akihudumia meza katika hoteli moja ya Bujumbura, na ingawa amerudi upande huu wa mpaka siku nyingi, bado anashika kikombe cha kahawa kana kwamba meneja amesimama nyuma yake. Tunamwita Hoteli. Tukikutana sisi watatu, na Consolée akitusikiliza huku akiosha vikombe, hakuna tatizo la mji wa Uvira ambalo halipati dawa kabla jua halijafika utosini.

Jumatano moja kijana Vainqueur, anayetengeneza simu kwenye kibanda cha ng'ambo, alivuka barabara bila kuangalia pikipiki, akaja kusimama mbele yetu akicheka peke yake. Mke wake Eliane alikuwa amejifungua. Mtoto wa kike. Walimpasua, alisema, lakini yuko mzima, na mtoto naye mzima, analia hadi wodi ya pili wanamsikia. Tuliinuka wote. Consolée alimmiminia kahawa akakataa malipo, jambo ambalo sijawahi kuliona tangu nimjue. Hoteli alimshika mkono kwa mikono yake miwili. Santimetre tayari alikuwa ananyoosha mkono hewani akipima kitanda cha mtoto.

Alipomaliza kikombe, Vainqueur aliketi, na kicheko kikamtoka usoni. Akasema mama mkwe wake anakuja Jumapili kutoka Makobola.

Tulimwuliza ubaya uko wapi. Mwanamke akijifungua, mama yake huja kumkanda, kumpikia uji, kumpokea mtoto usiku unapokuwa mrefu. Kwa Eliane ilikuwa lazima zaidi, maana daktari alimkataza kuinua hata ndoo mpaka kidonda kikauke.

Hapo ndipo akatufungulia moyo. Tangu amuoe Eliane hajawahi kula mbele ya mama mkwe. Katika ukoo ule, mume wa binti na mama wa binti hawaonani wakitafuna. Siku ya harusi alipewa sahani yake nyuma ya nyumba, karibu na banda la mbuzi. Mama mkwe akimsalimu hugeuza uso na kuvuta kitenge mpaka mdomoni, na yeye huangalia vidole vya miguu yake. Kijijini jambo hilo halina uzito, kwa sababu uwanja ni mpana. Wanaume wanakula huku, wanawake kule. Lakini yeye amepanga juu ghorofani, kwenye nyumba ya etaje. Tuliijua sote, ile ya juu ya duka la dawa. Ina chumba cha kulala, saloni ambayo ukiweka viti viwili vya fotei imejaa, na kati ya saloni na jiko kuna kona moja ambayo mwenye nyumba, alipokuwa akimwonyesha, aliiita salamanje, yaani mahali pa kulia chakula. Kwenye salamanje hiyo palikuwa na maboksi ya simu zilizokufa, bidoni za maji, na kiti kimoja cha plastiki kilichofungwa mguu kwa kamba.

Consolée akamwuliza Eliane mwenyewe anasemaje.

Eliane, alisema Vainqueur, alimwambia mambo mawili akiwa bado kitandani maternite. Kwanza, mama asiikute kona ile jinsi ilivyo, kwa sababu katika simu zake zote amekuwa akijisifu kwake kwamba anaishi etaje na ana salamanje yake. Na jambo la pili ndilo lililomvuruga Vainqueur. Mama huyo alikwenda kwa dada yake Eliane, Célestine, kule Baraka, Célestine naye alipojifungua. Alifika jioni. Wakati wa kula, mume wa Célestine, sijui kwa kutojua au kwa kujiona mtu wa mjini, alikuja na sahani yake akaketi uso kwa uso na mama mkwe akaanza kumega ugali. Asubuhi mama alifunga mzigo wake akarudi kijijini, akamwacha Célestine na kichanga na maji ya kuchota.

— Akirudi vile ku Makobola, Eliane atabaki na nani? Vainqueur alisema. Minye niko mu kibanda kutwa nzima. Ataanza kubeba ndoo, kile kidonda kitafunguka.

Kisha tukaanza kusema wote kwa pamoja.

Hoteli alitushinda kwa sauti, akaeleza kwamba salamanje ni kitambaa kwanza, meza baadaye. Kinachotakiwa ni nape nyeupe inayoshuka mpaka karibu na sakafu, serviete zilizokunjwa kama ndege, ua moja katikati, na watu wale kwa zamu. Huduma ya kwanza mama, huduma ya pili bwana wa nyumba, na kati yao meza inapanguswa. Hivyo ndivyo walivyofanya hotelini walipokuwa na wageni wawili waliochukiana.

Vainqueur alisema zamu alishaiwaza. Lakini kona ile iko njiani. Anayetoka jikoni anapita hapo, anayekwenda msalani anapita hapo. Mama akiwa mezani, yeye atakuwa mfungwa saloni mpaka amalize, na mama mwenyewe akijua kuna mtu anamngojea hatashiba.

Santimetre alikuwa amekwisha kufumba jicho. Akasema dawa ni meza ya kwao wawili, ila yenye ukuta. Atatengeneza meza ndefu ya mbao ya mvule, na katikati yake, kutoka mwisho hadi mwisho, atasimamisha ubao wa triplexi mrefu kumpita mtu aliyeketi. Kila mmoja na upande wake. Na katika ukuta huo atatoboa kadirisha kadogo kenye bawaba, ka kupitishia chumvi.

Kadirisha hako ndiko kalikotupeleka mbali. Hoteli alitaka kujua nani atakuwa akikafungua. Kama mama anaomba chumvi, mkono wa mkwe utaonekana, na je, mkono uliotoka kumega ugali si sehemu ya kula? Consolée akasema mkono hauna neno, mbona wanasalimiana kwa mkono. Hoteli akajibu kwamba basi tuache mkono, tuangalie sikio. Samaki wadogo wa ndagala waliokaushwa wanalia wakitafunwa. Ukuta wa triplexi hauzuii sauti. Kwa hiyo mezani lazima redio iwe inasema.

— Redio gani? Santimetre akauliza.

Habari hazifai, maana mtangazaji hupumua kati ya habari na habari, na hapo ndipo mtafunaji atasikika. Nyimbo za kanisa zina sehemu za kunyamaza. Tukakubaliana juu ya mpira, kwa sababu mtangazaji wa mpira hapumui. Lakini mpira hauchezwi kila mchana. Hoteli alifikiri, akasema basi bwana wa nyumba asile juu kabisa. Salamanje iwe na sehemu mbili: ya mama kule etaje, na ya Vainqueur hapa chini benchini, na chakula kiwe kinashushwa kwa kikapu na kamba kutoka balkoni, kikiwa cha moto, kimefunikwa serviete.

— Kwa benchi yangu hapana, Consolée alisema. Leo anakula hapa, kesho batu bote ba Kasenga banashusha sufuria juu yangu.

Mimi nami sikutaka kubaki mjinga wa kijiwe. Nikasema ukuta wa mbao utamfanya mama mkwe aone amefungiwa. Kinachotakiwa ni rido, pazia zito, linaloning'inia kutoka dari na kukata meza katikati, lenye mikunjo, na pindo lake likiishia juu ya meza kabisa bila kuingia kwenye mchuzi. Niliwaonyesha kwa mikono jinsi litakavyoanguka. Nilipoangalia, kahawa yangu ilikuwa imepoa na wateja wawili walikuwa wamesimama kwenye mashine yangu wakinisubiri.

Tulimaliza asubuhi ile tukiwa tumekubaliana yote. Meza na ukuta ni vya Santimetre, na kila upande wa ukuta, rido yangu, ili mbao zisionekane. Nape, vikombe na mpangilio ni wa Hoteli. Rangi ya kuta Consolée alichagua ya manjano, baada ya Hoteli kuapa kwamba ukuta wa manjano unafungua tumbo na kwamba kule Buja wageni walikuwa wakiomba sahani ya pili kwa sababu hiyo tu. Vainqueur alitusikiliza akigeuza kichwa kutoka mdomo hadi mdomo. Alipoinuka alikuwa anacheka tena.

Alhamisi na Ijumaa hatukukaa benchini sana. Ukipita Kasenga siku hizo ungesikia randa ya Santimetre tangu alfajiri. Mimi nilishona rido ya kitambaa kizito cha rangi ya ziwa la asubuhi, nikairudia mikunjo kwa sababu ya kwanza haikunipendeza. Vainqueur aliyabeba maboksi ya simu zilizokufa akayapeleka kibandani, akayapanga mpaka yeye mwenyewe akawa anafanyia kazi mlangoni. Kisha akapaka rangi. Consolée alipanda kumsaidia, akishuka na madoa ya manjano kwenye nywele, akituambia kwamba kona ile sasa inawaka.

Jumamosi tulipeleka meza. Ilikuwa meza nzuri, lazima niseme. Santimetre aliipaka vernisi mpaka unajiona meno. Lakini ngazi za nyumba ile zinapinda katikati, na meza haikupinda. Tuliisimamisha, tukailaza, tukaigeuza miguu juu. Hoteli alikuwa nyuma akitoa amri za kihoteli. Mwenye duka la dawa alitoka akatuambia tukikwaruza ukuta wake tutaupaka upya.

Santimetre hakukubali kukata mguu. Akaita kamba. Tukaipitisha meza kwa balkoni. Vainqueur na mimi tulikuwa juu tukivuta, Santimetre chini akiisukuma kwa mikono miwili na baadaye kwa kichwa. Barabara ilisimama. Motari walizima pikipiki zao ili waangalie, na wanawake waliotoka sokoni wakatua mabeseni. Meza ilipozunguka hewani na kugeuza miguu yake minne kwao, mtu mmoja alianza kupiga makofi, na ilipovuka ukuta wa balkoni wakapiga wote. Nakumbuka Vainqueur aliinama akawasalimu kama mbunge.

Tuliiweka mahali pake, kichwa kimoja kikigusa ukuta chini ya dirisha. Santimetre akasimamisha ule ukuta wa triplexi na kuupigilia misumari mezani na ukutani. Ulisimama sawasawa. Tulirudi nyuma tuuangalie, na wakati huo ndipo tuliposikia Consolée akigonga. Alikuwa jikoni anaosha brashi. Meza, ikiwa na ukuta juu yake na viti pande zote, ilikuwa imeuzuia mlango wa jiko, na mlango ule hufungukia huku. Alitoa vidole kwenye upenyo akatuuliza kama chakula nacho kitapitia balkoni.

Hapakuwa na njia. Ilibidi ukuta ung'olewe ili meza iweze kusogezwa, na pale iliposogea hapakuwa na mahali pa kuupigilia tena, ni kioo cha dirisha tu. Santimetre alifanya mwenyewe, msumari mmoja mmoja. Kisha akashuka akakaa kwenye ngazi. Nilimfuata. Akaniambia kwamba alikuwa ameutengenezea ule ukuta urembo wa kuchonga, samaki wadogo wakifuatana, upande aliodhani atakaa mama, na hakuna aliyeuona. Nilirudi juu nikauangalia. Ni kweli, samaki walikuwapo, wamechongwa vizuri. Nikamwita Vainqueur aone. Vainqueur aliushika ule ubao muda mrefu, akashuka kwenye ngazi akamwomba Santimetre autundike ukutani karibu na dirisha uwe rafu ya sahani, samaki wakiangalia mezani. Santimetre alijipangusa uso kwa mkono, akapanda tena na nyundo yake.

Ikabaki rido peke yake. Tuliifunga kwenye waya kutoka ukuta wa dirisha, ikashuka katikati ya meza kama nilivyokuwa nimewaambia. Hoteli akatandika nape, nusu huku nusu kule, akakunja serviete zake. Moja ilitoka ndege kweli, nyingine ilifanana zaidi na bata. Kiti kimoja upande huu, kiti kimoja upande ule. Jua la jioni liliingia kutoka ziwani, kuta za manjano zikawaka, vernisi ikanukia. Tulisimama wote watano tumebanana, hakuna aliyetaka kushuka kwanza.

— Hii iko kwangu kweli? Vainqueur alisema.

Alizunguka meza akigusa kila kitu kwa ncha za vidole. Jambo moja tu hatukulimaliza: mama atakula upande gani. Hoteli alisema upande wa dirisha, ndio wa wageni wakubwa. Consolée alisema upande wa jiko, mama hawezi kutulia kama hasikii sufuria yake. Tuliliacha, giza lilikuwa linaingia.

Jumapili asubuhi Vainqueur alimleta Eliane kutoka maternite. Eliane alipanda ngazi moja moja, bwana yake akimshikilia, na Consolée nyuma yao na mtoto. Consolée alituambia baadaye kwamba Eliane alisimama mlangoni mwa chumba ameshika ukuta, akaiangalia salamanje yake, akacheka mpaka akajishika kidonda. Alisema ni nzuri kupita alivyoota. Kisha akasema ngazi zimemchosha, akaenda kulala. Vainqueur akaenda kungojea gari la Makobola kwenye maegesho ya magari ya Fizi.

Sisi tulikuwa benchini. Kahawa haikuwa nyingi siku hiyo, lakini mjadala ulikuwapo. Wakati Hoteli anaeleza ubora wa dirisha, pikipiki ilisimama, akashuka mama mmoja mwenye kikapu kikubwa na kuku aliyefungwa miguu. Alituamkia, akaomba nafasi akae apumzike kidogo, mgongo umemuuma kwa barabara. Tukasogea. Consolée akampa kahawa. Aliishika kwa mikono yote miwili akawa anasikiliza.

Inapendeza kumweleza mambo mgeni wa benchi. Hoteli alianza tangu mwanzo: kijana, mke aliyepasuliwa, mama mkwe mkali aliyemwacha binti yake kule Baraka. Santimetre aliongeza meza na balkoni. Mimi niliongeza rido, tena mikunjo yake. Ili yule mama aelewe vizuri, Hoteli alipanga vitu juu ya benchi. Sahani ya mandazi ndiyo meza. Leso yangu, iliyosimamishwa kati ya mandazi, ndiyo rido. Kikombe hiki ni Vainqueur, kikombe hiki ni mama mkwe. Alivisogeza, mara dirishani, mara jikoni, akimwonyesha faida ya kila upande. Yule mama alifuata vikombe kwa macho.

— Nimeona, alisema. Muko batu ba akili. Na ule mwenye kuzaa, atakaa wapi?

Hoteli alichukua kikombe cha tatu. Akakipeleka nyuma ya Vainqueur. Pale ni mlango wa jiko. Akakipeleka nyuma ya mama mkwe. Pale ni ukuta na rafu. Kichwa cha meza kimegusa dirisha. Kile kingine ndiyo njia. Alibaki amekishika hewani. Santimetre alifumba jicho, akalifumbua. Mimi niliangalia leso yangu. Siku zote zile tumepima, tumekata, tumevuta kamba, na hakuna hata mmoja wetu aliyemwekea Eliane kiti. Consolée alisema kwa sauti ya chini kwamba anaweza kula kitandani, na mara tu alipolisema nikaona halikumpendeza hata yeye.

Mama alikunywa kahawa yake mpaka mwisho, akakirudisha kikombe.

— Munionyeshe ngazi ya kwa Eliane, alisema. Minye ni mama yake.

Hoteli aliinuka wima kana kwamba kengele imelia. Nilitamani benchi inimeze. Yule mama, Apollinarie ndilo jina lake, alivuta kitenge akafunika mdomo, mabega yakaanza kutikisika, nami nikajua tumemharibia Vainqueur kila kitu. Kisha nikaona machozi pembeni ya macho yake na nikaelewa kwamba anacheka. Santimetre alibeba kikapu. Mimi nilibeba kuku, na Consolée akatufuata.

Kule juu aliingia kwanza chumbani, akakaa huko muda. Tulisikia sauti ya Eliane ikipanda na kushuka, tukamsikia mama akimwimbia mtoto. Alipotoka alisimama mbele ya salamanje. Aliangalia ukuta wa manjano, akapitisha kiganja juu ya mbao, akawaangalia wale samaki mmoja mmoja na kumwuliza Santimetre kama ni mikeke au kuhe. Santimetre akasema ni mikeke. Akashika rido yangu, akapima uzito wake, akaitikia kwa kichwa. Mimi sijapata sifa kubwa kuliko ile.

Kisha akatuomba tuivute meza mbali na dirisha, kadiri mtu anavyoweza kukaa. Tukavuta. Mlango wa jiko ulibaki na nafasi ya mtu kupita ubavu. Akamwambia Consolée walete fotei moja ya saloni, akaiingiza pale kwenye kichwa cha meza, chini ya dirisha, akaipanga mito mitatu: nyuma, kiunoni, na mmoja chini ya miguu. Rido akaisukuma kwenye waya ikaishia mbele ya fotei hiyo kabisa. Mtu akikaa pale anaona pande zote mbili. Akamleta Eliane taratibu akamkalisha, mtoto kifuani. Sisi tulishuka. Kuku alikuwa tayari jikoni.

Mama Apollinarie hakurudi Makobola kesho yake wala juma lile. Alikaa mpaka kidonda kikakauka na mtoto akaanza kushikilia shingo mwenyewe, na akipita benchini hutuamkia kwa kutuuliza kama tumekwisha kumpangia mtu mwingine nyumba. Lakini chakula kile cha kwanza Vainqueur ndiye aliyetusimulia, Jumatatu asubuhi. Hakuvuka akikimbia safari hii. Alikuja polepole, akaomba kahawa, akakaa.

Alisema alirudi kutoka kwenye maegesho amechoka na kukata tamaa, akijua gari limekuja bila mama, asijue amepanda pikipiki. Alipofungua mlango akasikia harufu ya kuku. Eliane alikuwa amekaa kwenye fotei chini ya dirisha, akamwonyesha kiti chake kwa kidole. Ng'ambo ya rido alisikia mtu anakohoa kidogo ili ajulikane yupo. Akaketi. Walikula. Mwanzoni aliogopa kutafuna. Kisha mama akasema na Eliane, ila kwa sauti ya kufika mbali.

— Ambia bwana yako ale vizuri. Kuku iko mingi.

Naye akamjibu Eliane.

— Ambia mama aksanti. Iko tamu sana.

Eliane hakumwambia yeyote kitu. Aliangalia huku, akaangalia kule, akaendelea kula. Tangu apasuliwe alikuwa akirudisha sahani zikiwa zimejaa. Hii aliimaliza, akaongezwa, nayo akaimaliza.

Consolée akamwuliza Vainqueur kama baada ya hapo waliongea tena, yeye na mama.

— Hatukuongea, Vainqueur alisema. Eliane alilala palepale ku fotei, na kijiko mu mukono. Kama tungeinuka, viti vingelia, angeamuka. Njo tukabaki. Minye huku, mama kule, tumenyamaza, mpaka mutoto akaamuka mwenyewe.